Mzunguko wa maabara ni nini?

Daktari aliyepita intanshipu anaijua rotesheni: wiki kadhaa upasuaji, wiki kadhaa watoto, kisha wodi ya wazazi, mpaka azimalize idara zote. Marekani, wanaosomea shahada ya uzamivu katika neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, nao wana rotesheni yao, ndiyo mzunguko wa maabara. Tofauti ni kwamba daktari anazunguka ili apite kote, hawa wanazunguka ili wabaki mahali pamoja.

Mahali gani? Kwenye maabara moja na msimamizi mmoja. Kwa kawaida mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia maabara 3 hivi, kila moja wiki 8 hadi 10, huku akihudhuria masomo darasani. Hupewa kazi ndogo na mwishoni huieleza mbele ya wenzake. Matokeo mara nyingi hayapo. Chukua kazi ya kupima umeme wa seli moja ya neva kwa mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele, mbinu iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Wiki 10 zinaweza kwisha mtu bado anajifunza kuinasa seli bila kuipasua, na hakuna atakayemlaumu.

Huu ni uchumba, na ndoa yake ni ya miaka minne au zaidi. Maswali ya maana huulizwa bosi akiwa hayupo: wanafunzi wake humwona kila wiki, au wanajuana kwa barua pepe tu? Waliotangulia walimaliza kwa muda gani, na sasa wako wapi? Wenye maabara nao wanamtazama mgeni. Daftari lake la majaribio linasomeka? Akiharibu kitu, anasema?

Fani yenyewe inalazimisha utaratibu huu, kwa sababu darasa moja lina mtu wa baiolojia, wa saikolojia, wa fizikia na wa uhandisi. Aliyekuja akiapa kuchunguza kumbukumbu za panya anaweza kunaswa na programu za kuchambua picha za ubongo.

Lakini uchumba huu usingewezekana bila fedha. Mwaka wa kwanza, posho ya mwanafunzi kwa kawaida hulipwa na programu ya masomo, wala si maabara anayoijaribu. Nyingine hutoka kwenye ruzuku za mafunzo za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ziitwazo T32, zinazotokana na sheria ya mwaka 1974. Ndiyo maana anaweza kusema asante, hapa hapanifai, bila kulala njaa.

Uingereza baadhi ya programu za miaka 4 huwazungusha wanafunzi hivyo pia. Katika vyuo vyetu vingi vya Afrika Mashariki, mwombaji hutakiwa kuja na andiko la utafiti mkononi, na msimamizi hupatikana mapema. Anayetaka kuonja kwanza hujitafutia mwenyewe maabara ya kujitolea kabla ya kujaza fomu.