Mantiki ya thamani nyingi ni nini, na kwa nini kyubiti haimo

Kuna sentensi inayorudiwa kwenye mikutano ya teknolojia hapa Nairobi, kuanzia kumbi za Ngong Road hadi vyumba vya mihadhara vya vyuo vikuu: "Kompyuta za kawaida zina 0 na 1. Kompyuta za kwanta zina 0, 1, na thamani ya tatu ambayo ni zote mbili kwa pamoja." Wanaoisema ni watu wenye bidii, na wanaowasikiliza huiandika daftarini. Hilo ndilo linaloniudhi. Mwanafunzi akishaiandika hivyo, amepotoshwa kuhusu mambo mawili kwa mpigo: hajui kwanta ni nini, na hatajua kamwe kwamba kompyuta ya thamani tatu iliwahi kujengwa, ikafanya kazi, na haikuwa ya kwanta hata kidogo.

Maana yenyewe ni fupi. Mantiki ya thamani nyingi ni ile ambamo kauli, waya au seli ya kumbukumbu inaweza kushika mojawapo ya thamani zaidi ya mbili. Zikiwa mbili tunaita binari, zikiwa tatu ni tenari, na zinaweza kuwa nne, tisa, kumi na sita au zisizo na kikomo. Kipande kimoja cha habari katika binari ni biti. Katika tenari ni triti, na triti moja hubeba takriban biti 1.585.

Chini ya maana hiyo kuna shughuli mbili tofauti, na mkanganyiko huanzia hapo.

Shughuli ya kwanza ni kuhesabu. Hapa thamani ya tatu haimaanishi "labda" wala "nusu ukweli". Ni tarakimu tu. Mfano ninaoupenda ni Setun, kompyuta iliyojengwa mwaka wa 1958 katika Chuo Kikuu cha Moscow na kikundi cha Nikolay Brusentsov, ikapewa jina la mto ulio karibu na chuo hicho. Zilitengenezwa takriban hamsini huko Kazan. Tarakimu zake zilikuwa −1, 0 na +1. Anayetaka kuelewa uzuri wa mpangilio huo na aende Marikiti na mizani ya vitanga viwili, akiwa na mawe manne tu: la kilo 1, la 3, la 9 na la 27. Akiruhusiwa kuweka mawe pande zote mbili, atapima kila uzito wa kilo kamili kuanzia 1 hadi 40. Viazi vya kilo 5? Jiwe la 9 upande mmoja, la 3 na la 1 upande wa viazi, kwa sababu 9 − 3 − 1 ni 5. Jiwe lililo mkabala na viazi ni +1, lililo pamoja na viazi ni −1, lililobaki chini ni 0. Setun iliandika nambari hivyo hivyo. Ili kupata −5 unageuza tu kila alama kuwa kinyume chake, bila kuhitaji alama ya pekee ya nambari hasi. Thomas Fowler wa Devon, Uingereza, alikuwa ameshatumia wazo hilo mwaka wa 1840, katika mashine ya kukokotoa aliyoiunda kwa mbao.

Kwa nini basi hatuna Setun mezani leo? Transista ni rahisi sana kuitengeneza kama swichi: imewaka au imezimwa, na kati ya hali hizo mbili kuna nafasi kubwa ya kuvumilia kelele za umeme. Ukiongeza kiwango cha katikati, nafasi hiyo hupungua. Setun yenyewe ilishikilia kila triti kwa jozi ya viini vya sumaku (vipete vidogo vya kumbukumbu), na jozi hiyo ingetosha kushikilia biti mbili kamili. Faida ya tenari ikapotelea kwenye vifaa.

Hata hivyo thamani nyingi hazikufa. Zimejaa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki. Muuzaji akikuuliza kama unataka SSD (diski ya kuhifadhia data) ya TLC au ya QLC, anakuuliza ni viwango vingapi vya chaji vinavyotofautishwa ndani ya seli moja. SLC ina viwango viwili, MLC ya kawaida vinne, TLC vinane, QLC kumi na sita. Ile "tatu" ya TLC inahesabu biti tatu, si viwango vitatu. Nimewasikia hata mafundi wazuri wakiteleza hapo. Na sababu ya QLC, iliyo rahisi bei, kuchakaa mapema ni ile ile inayoisumbua transista ya viwango vitatu: viwango kumi na sita vimebanana, na seli ikichoka kidogo tu, kimoja husomeka kama jirani yake.

Shughuli ya pili ni kuhukumu kauli. Jan Łukasiewicz wa Poland aliitoa mantiki ya thamani tatu mwaka wa 1920 akifikiria mambo yajayo. "Kesho mvua itanyesha Kibera" leo si kweli wala si uongo, kwa hiyo aliipa thamani ya tatu: inawezekana. Mwaka wa 1938 Mmarekani Stephen Kleene naye akaleta thamani tatu, lakini yake ya tatu ilihusu ukokotoaji usiotoa jibu. Thamani ni tatu kwa wote wawili, ila majedwali yao hayafanani. Chukua kauli "ikiwa A basi B" wakati A na B zote zina thamani ya tatu: Łukasiewicz anasema kauli nzima ni kweli, Kleene anasema bado haijulikani. Kwa hiyo kusema "ina thamani tatu" hakujatuambia mantiki ipi.

Anayetumia hifadhidata za SQL (lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata) anaishi na jedwali la Kleene kila siku, ajue asijue. Tuseme sacco ya wenye magari ya matatu ina wanachama 400, na 30 kati yao hawakujaza mwaka wa kuzaliwa. Karani anaomba orodha ya waliozaliwa kabla ya 1990, kisha orodha ya waliozaliwa 1990 na baadaye, anajumlisha na kupata 370. Hakuna aliyeiba majina. Kwa wale 30, swali la kwanza lina jibu "haijulikani", la pili vilevile, na SQL hurudisha tu safu ambazo jibu lake ni kweli. Mantiki ya ukungu ya Lotfi Zadeh, ya mwaka wa 1965, iko katika ukoo huu pia: badala ya thamani tatu inakubali kila kiwango cha ukweli kati ya 0 na 1.

Sasa kwanta. Kyubiti, yaani kipande kimoja cha habari katika kompyuta ya kwanta, ina hali mbili za msingi, 0 na 1, na hali yake kwa ujumla ni mchanganyiko wa hizo mbili, kila moja ikipewa uzito ambao ni nambari changamano, kwa hiyo unaweza kuwa chanya au hata hasi. Michanganyiko hiyo haina idadi. Lakini ukipima, unapata 0 au 1. Hakuna chombo kitakachokuonyesha "zote mbili".

Anayeng'ang'ania kwamba mchanganyiko ndio thamani ya tatu ninamwomba aangalie hili. Tayarisha kyubiti mbili. Ya kwanza ina uzito sawa wa 0 na wa 1, yote chanya. Ya pili ina uzito ule ule, ila wa 1 ni hasi. Zote zinastahili kuitwa "zote mbili", na kila moja ukiipima moja kwa moja itakupa 0 au 1 kwa nusu kwa nusu. Lakini ukizipitisha kwanza kwenye lango la Hadamard (hatua ya ukokotoaji wa kwanta inayochanganya uzito wa 0 na wa 1), ya kwanza itatoa 0 kila mara, na ya pili 1 kila mara. Zilikuwa hali mbili tofauti kabisa, na jina la thamani moja ya tatu lingezifuta tofauti zao. Nguvu ya kompyuta ya kwanta imo katika hizo alama chanya na hasi, zinazokutana na kufutana. Katika jedwali la Kleene hakuna kinachofutana. Katika Setun, +1 na −1 huleta 0, lakini hiyo ni hesabu ya kawaida ya kujumlisha.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka wa 1973 mwanahisabati Mrusi Alexander Holevo alithibitisha kwamba habari unayoweza kuitoa katika kyubiti moja haizidi biti moja. Triti ya Setun, kwa kusomwa tu, inakupa zaidi ya hapo.

Wanaotaka ngazi tatu katika kwanta wanazo pia. Huitwa kyutriti, nazo zimeshajengwa maabara, ukizipima unapata 0, 1 au 2. Kwa hiyo mhadhiri anayetaka sentensi moja ya kuwapa wanafunzi anaweza kusema: kyubiti ina matokeo mawili na michanganyiko isiyo na idadi, triti ina thamani tatu na haina mchanganyiko wowote. Ni ndefu kidogo kuliko ile iliyozoeleka, na inaingia kwenye slaidi moja.