Ari ya Kurudi Kwenye Baiskeli: Maana Yake na Inakotoka

"Nitapata wapi motisha ya kuanza tena kuendesha baiskeli?" Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na mwaka jana nilijiuliza mwenyewe miezi mitatu mfululizo. Nimekuja kuona kwamba ndani yake mna mambo manne ambayo Kiswahili kimeshayatenga, kila moja na jina lake: hamu, hamasa, motisha na ari. Ukitafuta moja huku unahitaji jingine utazunguka sana, na baiskeli itaendelea kuegemea ukuta.

Hamu ni kiu. Mtu anapita dirishani alfajiri, unasikia cheni yake ikiteleza taratibu juu ya meno, nawe moyo unakuruka: hata mimi nilikuwa hivi! Hamu ni kitu kizuri, ila hukujia usiku wa saa nne ukiwa kitandani, na saa kumi na mbili asubuhi, pale unapoihitaji, haipo. Kukosekana kwake hakutokani na uvivu wako. Ndivyo hamu zote zilivyo.

Hamasa hutoka nje, kwa watu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, na wengi wetu tulikodoa macho tukitazama wale watu wakipanda vilima vya mji ule mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na kuondoka na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Mambo hayo yanatia moto kwelikweli, lakini ni moto wa makuti. Unapanda juu ghafla, na ukikosa kuni chini yake, baada ya muda mfupi unabaki na majivu.

Motisha, kama tunavyolitumia neno hili maofisini, ni kile anachopewa mtu ili afanye kazi: posho, zawadi, cheti. Hapa inafaa kusimama kidogo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga, kazi ambayo wenyewe waliifurahia. Baadhi akawalipa, wengine hakuwalipa. Malipo yalipokoma, waliokuwa wakilipwa walitumia muda mchache zaidi kuyachezea yale mafumbo walipoachwa huru. Malipo yalikuwa yameigeuza starehe kuwa kibarua. Ndiyo maana nina wasiwasi na ahadi za aina ya "nikiendesha mwezi mzima nitajinunulia viatu vipya". Viatu vikishanunuliwa, sababu ya kutoka nayo inakuwa imekwisha.

Tunabaki na ari. Asili yake ni Kiarabu, na huko mzizi wake unahusu aibu. Kwenye Kiswahili limepanuka: ni ule msukumo wa ndani wa kutokubali kushindwa na jambo lililo ndani ya uwezo wako, kwa sababu unajiheshimu. Watanzania walilisikia kila kona mwaka 2005, kampeni ya Jakaya Kikwete ilipokuwa na wito wa "Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya". Kwa ninavyoelewa mimi, ari ndiyo yenye uwezo wa kukurudisha barabarani. Shida ni kwamba tunaingojea ije kwanza ndipo tutoke, nayo huja tukishatoka.

Nieleze lilivyonitokea. Mimi nakaa Tanga, mji tambarare ambako baiskeli ni chombo cha kila siku: mwenye samaki anayo, mwalimu anayo, bibi anayekwenda shamba anayo. Nilikuwa nikiendesha mara tatu kwa wiki. Masika yakaingia, nikaacha kwa siku kumi, kisha siku kumi zikawa miezi. Siku nilipoigusa tena, tairi la nyuma lilikuwa limeshuka upepo hadi rimu imekaa chini, na cheni imeshika kutu nyekundu. Hewa ya bahari haimsubiri mtu. Niliipaka mafuta, nikageuza pedali kwa mkono: pingili mbili zilikuwa zimekakamaa, kila zikifika kwenye meno zinaruka, *tak*, na kuendelea.

Nikaisukuma hadi kwa fundi wa mtaani kwetu, chini ya mwarobaini. Alichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji huku akiizungusha polepole. Mara vikatoka viputo vidogo, vya mfululizo kama shanga. Akaweka kidole pale pale, akapiga msasa, akapaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka. Zile pingili mbili akazilegeza kwa koleo na tone la mafuta. Kazi nzima haikufika nusu saa. Nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda nikimtazama, nilihisi kitu kimerudi kifuani. Miezi mitatu nilikuwa nikisema sina motisha, kumbe nilichokosa ni kiraka kimoja na tone la mafuta.

Kwa hiyo kabla hujajilaumu, chunguza unachokiita kukosa ari ni nini hasa. Wapo wanaoogopa malori ya barabara kuu, na hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni njia nyingine au saa nyingine, na kujikaripia hakusaidii. Wapo ambao magoti yaliwauma wakaacha, kumbe kiti kilikuwa chini mno. Kipime hivi: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Wengine wanaona haya kutazamwa wakihema, hasa akina mama na watu walioongezeka uzito. Mimi huwaambia watoke na mwenzao, kwa sababu macho ya watu wakigawana wawili huwa mepesi.

Na mwili wenyewe? Unapoteza, tusidanganyane. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani waliwapima watu waliokuwa na mazoezi makali kisha wakaacha kabisa. Ndani ya siku 21 uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7, na kufikia siku ya 56 kwa asilimia 16. Sehemu kubwa ya anguko la mwanzo inatokana na damu kupungua ujazo, hivyo moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo. Ndiyo maana kilima ulichokuwa ukikipanda huku unaongea sasa kinakukata pumzi. Lakini ujazo huo ni miongoni mwa vitu vinavyorudi mapema zaidi mtu anapoanza tena. Wanaokata tamaa wiki ya kwanza wanaacha katika kipindi kigumu kuliko vyote, mlangoni kabisa mwa nafuu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Raskazone na kurudi. Kwenda nilinyonga kama kijana. Kurudi nikakuta upepo wa kusi umekaa usoni, mapaja yakawaka, nikashuka mara moja nikakaa kando ya barabara nikinywa maji. Kilometa ambazo zamani sikuzihesabu kuwa mazoezi. Ila nilipofika nyumbani na kuiegemeza baiskeli, kesho yake sikuhitaji kushawishiwa na mtu. Ari ilikuwa imezaliwa kule njiani.

Deci, pamoja na mwenzake Richard Ryan, wameandika miaka mingi kuhusu kinachoilisha ari ya namna hii, nao wanataja haja tatu za binadamu: kufanya jambo kwa hiari yake, kujiona anaweza, na kuwa karibu na wenzake. Ukizitazama vizuri utaona kwa nini ratiba kali uliyoipakua kwenye simu inakuchosha: haikuwa hiari yako, na kila siku inakuonyesha ulichoshindwa. Safari fupi unayoimaliza inakupa la pili. La tatu sidhani kama kuna anayelijua kuliko sisi watu wa kuitana kila kona.

Kuna na suala la saa. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alionyesha kwamba anayepanga kwa kutaja wakati na mahali hutimiza zaidi kuliko anayebaki na nia peke yake. "Nitaanza kuendesha" ni nia. "Nikimaliza sala ya alfajiri, natoa baiskeli uani" ni mpango, kwa sababu tukio moja linalivuta lingine. Mimi hujaza upepo tangu jioni, asubuhi nisikutane na kisingizio.

Tena usitegemee tabia ijengeke kwa wiki tatu, kama watu wanavyopenda kusema. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya, utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Wastani wa kufikia hali ya kufanya bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilianzia siku 18 hadi 254. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko mambo mepesi kama kunywa maji. Na hili nalipenda sana: kukosa siku moja hakukuharibu safari. Mvua ikinyesha Jumanne, Jumanne imepotea. Alhamisi bado iko palepale.

Sasa jirani yangu naye amejiunga, mama mtu mzima ambaye alikuwa hajapanda baiskeli tangu ajifungue mwanawe wa mwisho, na huyo mwana yuko sekondari. Jumamosi tunakwenda upande wa Amboni, polepole, tukisimama penye madafu. Mara mbili nimeamka sina hamu hata chembe. Nikiwa bado nimekaa kitandani nikasikia getini kengele ya baiskeli ikilia mara moja, na sauti yake: "Hodi, jirani! Tairi lina upepo?"