Ikwalaiza ya nje: mahali unapoichomeka panabadilisha kila kitu

Wapiga gitaa wengi wa kwaya hapa Bukavu huamini kwamba ukiichomeka ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sauti nene, za kati na nyembamba) kabla au baada ya prosesa ya efekti (kisanduku kinachotia gitaa mkwaruzo, mwangwi na kadhalika), sauti ni ileile. Si kweli, na imani hii inazamisha solo nyingi nzuri.

Chukua Boss GE-7, yenye vitelezi 7 vya masafa, kuanzia hezi 100 hadi 6,400. Pandisha kitelezi cha 800 kabla ya prosesa: distoshoni, yaani efekti ya mkwaruzo, inapokea sauti za kati zenye nguvu zaidi, inakwaruza zaidi, lakini gitaa halipazi sauti sana, kwa kuwa distoshoni hukata vilele vya mawimbi. Pandisha kitelezi hichohicho baada ya prosesa: mkwaruzo unabaki ulivyo, ila gitaa linatokeza juu ya kinanda na ngoma. Jumapili moja kule Kadutu nilihamisha nyaya mbili tu, na solo ikasikika hadi mlangoni.

Kwa sebene ya sauti safi tofauti ni ndogo, isipokuwa umewasha kompresa, efekti inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Na kama prosesa yako ina matundu ya kutoa na kurudisha sauti, pachika ikwalaiza hapo katikati: baada ya distoshoni, kabla ya mwangwi.