Moyo unapolegea

Mgonjwa akiambiwa presha yake ni 120 kwa 80, mara nyingi hushika namba ya kwanza, ya pili akaisahau. Namba hiyo ya chini ndiyo presha iliyopo moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.8 hivi: kama 0.3 za kujikaza na 0.5 za kulegea.

Kulegea huko si uvivu. Ndipo vyumba vya moyo vinapojaa damu. Ndipo pia msuli wa moyo wenyewe, hasa upande wa kushoto, unapopata sehemu kubwa ya damu yake, kwani ukijikaza huibana mishipa inayoulisha. Mapigo yakienda mbio, muda unaopungua zaidi ni huu.

Tena kulegea kunakula nguvu. Msuli hujikaza kalsiamu inapofunguliwa ndani ya seli. Ili ulegee, kalsiamu hiyo lazima irudishwe ghalani, na pampu za kuirudisha zinahitaji nishati. Nishati ikiisha, msuli hukakamaa. Waliowahi kuosha maiti wanajua jinsi viungo vinavyokuwa vigumu saa chache baada ya kifo.

Presha isiyotibiwa kwa miaka hunenepesha ukuta wa moyo na kuufanya mgumu. Moyo wa namna hiyo huweza kusukuma vizuri lakini usilegee vya kutosha. Damu hurundikana kuelekea mapafuni, mgonjwa akahema akipanda ngazi, miguu ikavimba. Huniuma sana ninapokutana na mtu aliyeacha dawa kwa sababu aliambiwa moyo wake bado una nguvu.

Wodi ya wazazi, kulegea ni jambo la kuogopwa. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, mji wa mimba unatakiwa ujikaze kama ngumi ili uibane mishipa iliyoachwa wazi. Ukilegea, mama anaweza kupoteza damu nyingi kwa dakika chache. Ndiyo maana mkunga humchoma sindano ya oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, mara tu mtoto anapozaliwa, kisha huja tena na tena kumpapasa tumbo. Ndugu mnaomuuguza, msione anamsumbua. Na pedi zikilowa upesi upesi, mwiteni papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.