Lori la zamani halichaji: yanayosemwa gereji na ukweli wake

"Chomoa taminali ya betri injini ikiwa inanguruma. Ikizima, oltaneta imekufa. Isipozima, ni nzima." Kipimo hiki cha oltaneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuchaji betri, bado kinafanyika kwenye gereji za Dodoma, na kwa lori la zamani la dizeli hakipimi kitu. Injini ya dizeli yenye pampu ya kawaida huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, si kwa cheche. Ikishawaka, nyingi huendelea kunguruma hata umeme ukiisha, isipokuwa zile ambazo pampu yake ina swichi ya umeme inayokata mafuta. Ndiyo maana oltaneta inaweza kufa Manyoni na dereva akafika Kibaigwa mchana bila habari. Giza likimkuta mbele ya hapo, taa zinafifia akiwa na mzigo wa mahindi na mabasi yanamjia usoni. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ubaya mwingine wa kipimo hicho ni kwamba betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka na kuunguza diodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) au katauti (kidhibiti cha volti). Fundi anaharibu kile alichoitwa kukipima.

Mita ndogo ya umeme inatosha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma kama 12.6, injini ikiwaka, inatakiwa kupanda kati ya 13.8 na 14.4. Kwa malori ya volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, tegemea kama 25.2 kabla ya kuwasha na 27.6 hadi 28.8 baada ya kuwasha. Isipopanda, halichaji. Ikifika 30, katauti haidhibiti tena na betri zitachemka. Kisha washa taa kubwa na feni, upime upya, maana oltaneta dhaifu hujificha isipobebeshwa mzigo wa umeme.

"Volti hazipandi, basi nunua oltaneta." Hapa ndipo pesa za wenye malori zinapopotelea. Kwenye gari lililokula miaka mingi, anza kwa kuzishuku nyaya. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye mwili wa oltaneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Isizidi 0.2. Ukisoma volti moja nzima, ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chesisi, ni mbovu. Fungua boliti inayoshika waya huo kwenye chesisi: mara nyingi utakuta kutu, rangi iliyopakwa juu yake, na vumbi letu jekundu lililoganda na oili mpaka limekuwa gamba. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kaza, pima tena. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kwenye nguzo kubwa ya oltaneta hadi kichwa cha chanya cha betri. Hapo isizidi 0.5. Oltaneta ya mtumba ukiifunga juu ya ethi iliyooza, itaonekana mbovu nayo.

Wengine hutulia kwa kuwa taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki. Geuza ufunguo kabla ya kuwasha injini: taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua, na kwenye oltaneta nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha oltaneta ianze kuzalisha. Balbu ya bei ya soda inaweza kuwa ndiyo ugonjwa wote.

Mkanda unaozungusha oltaneta ukipiga kelele haukazwi mpaka ulie kama gitaa. Ukizidisha, unaua beringi. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, uingie kama sentimita moja. Ukiwa umeng'aa kama kioo, badilisha.

"Chukua volti 12 za redio kwenye betri moja, nyingine iko sawa tu." Haiko sawa. Betri inayonyonywa haijai, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na zote zinakufa mapema. Tumia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, na ukibadilisha betri badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kiangazi cha huku kinakausha maji ya betri haraka. Usiongeze ya kisima, yana chumvi. Wala usiongeze asidi, kwa sababu kilichopungua ni maji. Ongeza maji safi ya betri yanayouzwa dukani.

Na ile kauli kwamba betri inayokufa usiku ni ya kutupa? Kwanza gusa oltaneta alfajiri kabla ya kupiga stata. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini imelala usiku kucha, diodi zinavuja na umeme unarudi kutoka kwenye betri. Chomoa taminali ya hasi injini ikiwa imezimwa, ifungue oltaneta uipeleke kwa fundi umeme apime diodi moja moja. Kwa nyingi za zamani, sahani ya diodi hubadilishwa peke yake.