Kuku Aliyengoja Mwanamume

Nilipokuwa mdogo Tanga, siku za wageni kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuku aliyefungwa miguu, nikiangalia nani anapita. Akitokea mwanamume, hata tusiyemjua, mama ananituma: "Mwamkie, umwombe atuchinjie." Kuna siku jua lilipanda mpaka utosini, wanaume wote wako kazini, maji yamechemka yakapoa. Na ndani ya nyumba ile walikuwamo wanawake watatu watu wazima, na kisu kikali.

"Mwanamke hachinji, akichinja ni haramu."

Kati ya dhana potofu za dini na chakula ninazozijibu hapa, hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu jibu lake limekuwapo tangu zama za Mtume. Katika Sahihi ya Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, imo habari ya kijakazi wa Ka'b bin Malik, aliyekuwa akichunga kondoo karibu na mlima Sal' huko Madina. Kondoo mmoja akawa anakata roho. Yule mwanamke akavunja jiwe, akamchinja kwa makali yake. Mtume alipoulizwa, akaamuru nyama iliwe. Basi kinachotazamwa ni imani na akili ya mchinjaji, kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na koo kukatwa sawasawa damu itoke. Jinsia haimo. Hata hedhi haimzuii.

Nilipomsomea mama hadithi hiyo, yeye akiwa mtu mzima na mimi pia, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Bibi yako alijua haya?"

"Kila cha baharini ni halali kwa Mwislamu."

Kwetu sisi Mashafi, Wasuni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi pwani hii, karibu kila kitu: pweza, ngisi, kamba. Lakini jirani yangu Ithnaasheri, yaani Mshia, hali samaki asiye na magamba. Kamba anakula, ila pweza, ngisi, kaa na hata papa haviingii jikoni kwake. Sungura vilevile: mimi ninakula, yeye hali. Wote wawili ni Waislamu. Ndiyo maana mchuzi wa papa wa nazi, ambao kwangu ni heshima kubwa kwa mgeni, waweza kumtia mgeni wangu aibu ya kurudisha sahani. Muulize kabla hujakuna nazi.

"Wasabato hawali nyama kabisa."

Wapo wasiokula, na kanisa lao linahimiza ulaji wa mboga, ila si sharti la uumini. Wengi wanakula ng'ombe, mbuzi na kuku bila shida. Wanachokiacha kimeandikwa katika Mambo ya Walawi sura ya 11: nguruwe, ngamia, sungura, na viumbe vya majini visivyo na mapezi na magamba. Kwa hiyo Mwanza, sato na sangara wanalika, kambale hapana. Wengi pia hawanywi chai ya majani wala kahawa, basi wachemshie mchaichai.

"Wahindi hawali nyama."

Wahindi gani? Bohora na Ismailia ni Waislamu, wanakula nyama. Mgoa Mkatoliki anakula hata nguruwe. Jaini, mfuasi wa dini ya Kijaini ya India, hali hata kitunguu wala mbatata, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vinavyoishi humo. Wahindu wenyewe wanatofautiana: katika utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2021, Wahindu wa India waliosema hawali nyama walikuwa asilimia 44.

"Mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele."

Wengine husema atakuwa mwizi. Nimewasikia wazee wakiliunga jambo hili na dini, na si kweli: halimo katika Kurani wala katika Biblia. Ni mwiko wa watu, wa kundi lilelile la firigisi kuwa ya baba peke yake. Tofauti ni kwamba huu wa mayai unamgusa mama anayejenga mwili wa mtu mwingine. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na kwenye nyumba isiyonunua nyama kila wiki, huenda ndilo lishe bora iliyo karibu. Kliniki, nesi anamwambia ale. Nyumbani, mama mkwe anamwambia asile, na anayepakua chakula ni mama mkwe.