Je, wajua kwa nini baga mbili za nyama ileile hutofautiana kama mbingu na ardhi?

Chukua migahawa miwili inayonunua nyama kwa mchinjaji mmoja na mikate kwa mwokaji mmoja. Baga ya mgahawa wa kwanza inatoka na kingo za kahawia zinazokatika kwa mlio, ndani laini, na harufu inayofika mezani kabla ya sahani. Ya mgahawa wa pili ina rangi ya kijivu, mkate wake umetota chini, na ladha inayobaki mdomoni ni ya sosi tu. Hakuna kiungo cha siri hapo. Kilichowatenganisha ni maji, moto na muda, na karibu yote hayo mteja anaweza kuyaona, kuyasikia au kuyaulizia kabla hajaagiza.

Tuanze na ukoko, maana ndio unaobeba kila kitu. Ladha tunayoijua kuwa ya baga haimo kwenye nyama mbichi, bali huzaliwa juu ya bamba la chuma. Nyama ikipata joto la kutosha, amino asidi zake (viungo vinavyojenga protini) huungana na sukari kidogo iliyomo ndani ya nyama hiyohiyo na kuzaa mamia ya kemikali mpya za harufu na ladha, pamoja na ile rangi ya kahawia. Mmenyuko huu huitwa wa Maillard, kwa jina la mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Hushika kasi kuanzia nyuzijoto 140 hivi za Selsiasi. Maji nayo huchemka kwenye nyuzijoto 100, na maadamu uso wa nyama umelowa, joto lake haliwezi kuvuka hapo kwa sababu nguvu ya moto inaishia kuyafukuza maji. Nyama itaiva, lakini itaiva kama iliyochemshwa.

Ndiyo maana bamba la baga linatakiwa liwe na joto la nyuzi 200 hadi 230 kabla nyama haijaligusa, na liwe zito, ili lisipoe linapopokea nyama iliyotoka kwenye friji. Mpishi akipanga vipande 12 vya baridi kwa mpigo kwenye bamba dogo, chuma kinapoa, maji yanatoka kwenye nyama kwa wingi kuliko yanavyokauka, na mvuke unanaswa katikati ya vipande vilivyobanana. Kwa hiyo, kaa mahali unapoweza kusikia jiko. Nyama iliyokutana na chuma chenye moto hulia papo hapo, kwa mlio mkali na mkavu wa kuchachatika. Ukisikia mlio wa chini wa kutokota, na ukiona majimaji ya kijivu yakiizunguka nyama, ukoko umekwisha kupotea na hakuna sosi itakayourudisha.

Nyama iliyogandishwa huleta tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Ikiganda polepole, barafu hujenga vipande vikubwa vyenye ncha vinavyopasua seli za nyama, na ikiyeyuka, maji yaliyokuwa yamefungiwa humwagika juu ya bamba. Dalili yake ni umbo: vipande vyote vina mduara kamili, unene mmoja na kingo zilizonyooka kana kwamba vimekatwa kwa kifaa kimoja. Nyama iliyotengenezwa kwa mkono haifanani hivyo. Kingo zake zimechanika hapa na pale, na penye mchaniko ndipo ukoko hushika vizuri zaidi.

Nyembamba au nene?

Migahawa mizuri huchagua njia moja na kuijua barabara. Njia ya nyama nyembamba ina umri mkubwa: Walter Anderson, aliyefungua kibanda chake cha baga huko Wichita, Marekani, mwaka 1916, alikuwa akibana nyama ikawa bapa juu ya bamba lenye moto, pamoja na vitunguu. Mwaka 1921 yeye na mwenzake Billy Ingram waliianzisha White Castle, mtandao wa migahawa ya baga, kwa njia hiyo.

Kanuni yake ni hii. Mpishi huchukua donge la nyama la gramu 60 hadi 85 lisilokandwa, hulitua kwenye chuma kikavu chenye moto mkali, na kulibana kwa nguvu kwa mwiko mpana wa chuma ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Wakati huo mafuta bado yamegandamana na maji bado yameshikwa ndani ya nyama, kwa hiyo kubana hakumwagi kitu. Kunaitandaza nyama tu, ili eneo kubwa zaidi liguse chuma. Baada ya dakika moja na nusu hivi huikwangua kwa makali ya mwiko, huigeuza, huweka jibini, na sekunde 30 hadi 60 baadaye imekwisha. Ule mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni sauti ya kufurahiwa. Mpishi anayeinyanyua nyama kwa upole huuacha ukoko umeng'ang'ania kwenye bamba.

Kubana kulekule kukifanywa baada ya nyama kugeuzwa ni uharibifu mtupu. Hapo mafuta yameyeyuka, protini zimejikunja na kuyasukuma maji nje, na kila mbano unatoa juisi ambayo ungeila. Ule mchachatiko mzuri na moshi unaopanda ni utamu unaondoka. Ukimwona mpishi anafanya hivyo kwa kila baga, agiza kitu kingine.

Nyama nene ni kazi nyingine kabisa. Kipande cha gramu 170 hadi 220, chenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5, kinahitaji moto wa wastani, dakika 4 hivi kila upande, kisha dakika 2 za kutulia. Jumla ni dakika 8 hadi 10, mbali na kupanga sahani. Saa yako basi ni kipimo: baga nene ikifika mezani dakika 4 baada ya kuagizwa, ilipikwa mapema ikawekwa ikusubiri. Tazama pia umbo lake. Nyama ikipata joto, pembeni hujikaza kabla ya katikati, na kipande huvimba kama mpira. Mpishi anayejua kazi hubonyeza kishimo katikati ya nyama mbichi kwa kidole gumba, na huifanya iwe pana kuliko mkate, kwa kuwa inapungua karibu robo ikiiva. Nyama ndogo iliyovimba katikati ya mkate mkubwa inakuambia kwamba hakuna aliyeliwazia hilo.

Maswali ya kumuuliza mhudumu

Usiulize kama baga yao ni nzuri. Uliza: nyama mnaisaga wenyewe? Imesagwa lini? Ni ya sehemu gani ya ng'ombe? Mahali wanapojali nyama, jibu linatoka mara moja: bega, au bega lililochanganywa na kidari, imesagwa leo asubuhi. Mhudumu akibabaika si lazima baga iwe mbaya, lakini jibu la haraka na mahususi ni ishara nzuri kuliko picha yoyote ukutani.

Bega hupendwa kwa sababu lina ladha nzito na mafuta karibu asilimia 20, kiasi kinachofaa baga. Mafuta yakiwa chini ya asilimia 10, nyama inakuwa kavu na yenye chengachenga hata ikipikwa na fundi. Kwa hiyo tangazo la nyama isiyo na mafuta kabisa lisikuvutie kwenye baga, hata kama steki ya nyama hiyo ingekuwa tamu.

Chumvi nayo ina wakati wake. Ikichanganywa ndani ya nyama ya kusaga na kukandwa, huyeyusha protini ambazo baadaye hushikana na kuunda kitu kinachodunda mdomoni kama soseji. Inatakiwa inyunyizwe juu tu, nyama inapokaribia kuwekwa motoni au ikiwa tayari iko juu ya bamba. Ili kujua kilichofanyika jikoni, ikate baga yako katikati. Nyama nzuri inaachana kwa nyuzi na punje zinazoonekana. Ikiwa imekatika laini kama kipande cha soseji, imekandwa mno au imetiwa chumvi mapema. Ukikuta chembe za mkate, yai na kitunguu ndani yake, umepewa kababu bapa. Huenda ni tamu, lakini hiyo si baga.

Hapa kuna jambo la afya lisilofaa kupuuzwa. Bakteria wa steki hukaa zaidi juu ya uso wake, na moto huwaua. Mashine ya kusagia inauchanganya uso huo na ndani, kwa hiyo nyama ya kusaga inapaswa kufika nyuzijoto 71 hadi katikati. Rangi haitoshi kuthibitisha, kwa sababu nyama iliyokaa kwenye hewa inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto hilo, na nyingine ikabaki na wekundu ilhali imefika. Kipimajoto ndicho chenye neno la mwisho, na mpishi wa baga nene anayekuwa nacho mfukoni anastahili kuaminiwa. Nyama nyembamba haina shida hiyo, kwani ukoko ukishakamilika, katikati huwa pameiva zamani.

Mkate na jibini

Mkate wa baga una kazi mbili zinazopingana: kuwa laini hadi meno yapite bila kuisukuma nyama itoke nyuma, na kuwa imara hadi tonge la mwisho. Banzi lililokandwa kwa maziwa, siagi au yai huziweza zote mbili. Mkate wa ganda gumu hauziwezi, hata ukiwa umeokwa na bingwa. Kinachosahaulika sana ni kuuchoma upande wa ndani kwenye siagi au kwenye mafuta ya nyama. Mafuta hayo na kile kigamba chembamba cha kahawia huzuia juisi isipenye upesi. Fungua mkate kabla ya kula: ukikuta ndani ni mweupe na baridi, jiko lile linaruka hatua.

Jibini inatakiwa iyeyuke hadi ishikane na nyama, na hilo halifanyiki ikiwekwa wakati baga inapangwa. Huwekwa nyama ikishageuzwa tu, na kama ni nene, hufunikwa kwa bakuli la chuma na kurushiwa matone machache ya maji ili mvuke uiyeyushe. Wapo wanaoidharau jibini laini ya vipande vya kiwandani, na kwenye baga wanakosea. Ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, hivyo inayeyuka kama sosi, wakati jibini iliyokomaa muda mrefu huachana na mafuta yake na kubaki na vipande vikavu. Nyanya iliyokatwa bila kukaushwa ndiyo inayolowesha baga nyingi kuliko juisi ya nyama. Jiko makini huweka jani la saladi chini ya nyama likinge mkate, na achari ya tango ili uchachu wake uvunje mafuta.

Kuupata mgahawa wenyewe

Kwenye picha za wateja, usihangaike na urefu wa baga. Baga isiyoingia mdomoni lazima ibomolewe kwanza, na ikibomolewa huli tena nyama, mkate na jibini kwa pamoja. Tazama kingo za nyama: je, zina kahawia iliyokolea na vitundu kama lesi, au ni kijivu kilichofunikwa? Kwenye maoni, tafuta wanaoisema nyama yenyewe. Sifa zikiwa zote ni za sosi na ukubwa wa sahani, umeshapata jibu.

Orodha fupi ya vyakula ni dalili njema. Mgahawa unaouza baga aina 3 au 4 unazungusha nyama haraka, na kilichosagwa asubuhi hakilali. Wenye aina 25 pamoja na samaki na tambi unalazimika kuweka akiba kwenye friza. Nusa pia chipsi za meza ya jirani: mafuta yaliyochoka yana harufu nzito na huacha rangi ya giza, na wasiobadilisha mafuta mara nyingi hawakwangui bamba pia, ambapo mabaki meusi huipa kila nyama uchungu. Kuhusu saa, fika wakati wa mlo unapoanza kuchangamka. Bamba limeshapata joto, nyama inatoka kila dakika, na msongamano wa kumfanya mpishi arundike vipande haujaja.

Mara ya kwanza, agiza baga ya kawaida kuliko zote: nyama, jibini, kitunguu, achari. Bekoni, yai, na sosi tatu vinaweza kuificha nyama mbovu, ila nyama ikiwa peke yake haina pa kujificha. Ikifaulu hapo, rudi ujaribu nyingine.

Na uile palepale. Ndani ya boksi lililofungwa, mvuke wa nyama unapanda, unagonga kifuniko na kurudi kama maji juu ya mkate, na ndani ya dakika 10 ukoko uliotengenezwa kwa nyuzijoto 200 umekuwa laini. Ukilazimika kuibeba, omba nyanya na sosi viwekwe pembeni, na uache kifuniko wazi kidogo njia nzima.